Kiraka cha Mkwe

Presi ya pili katika kiwanda cha sufuria iliitwa Mkwe. Wafanyakazi walisema ni kwa sababu ukimsogelea bila adabu, unaondoka na fedheha ya maisha. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Unaweka bati la duara juu ya kalibu, yaani umbo la kufinyangia sufuria, unarudi nyuma, unabonyeza vitufe viwili vilivyotenganishwa, kimoja kwa kila mkono, ili mikono yote iwe salama, na chuma kizito kama lori kinashuka kwa kishindo cha kutikisa meno. Kikipanda, bati limeshakuwa sufuria.

Asubuhi hiyo mwendeshaji wake, bwana mmoja waliyemwita Mrefu, alibonyeza. Chuma kikashuka, kikapanda. Akaachia vitufe, akapeleka mkono wa kulia kuchukua sufuria yake. Chuma kikashuka tena, bila kuamriwa na mtu.

Mrefu hakulia mara moja. Alisimama akiutazama mkono wake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo sasa hivi. Ulikuwa umeishia kwenye kifundo. Ndani ya sufuria mpya, iliyokuwa iking'aa kama kioo, kulikuwa na kitu ambacho wenzake walikitazama mara moja tu, kisha wakageuza nyuso. Ndipo damu ikaruka, ndipo akalia, na kilio chake kikazishinda mashine zote.

Fundi umeme wa kiwanda alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na kila mtu, hata waliomzidi umri, alimwita Dada Fundi. Aliruka kwenye swichi kuu akaikata. Mashine zote zikazima. Akachomoa mkanda wake kiunoni, akaukaza kwenye mkono wa Mrefu kwa goti na meno mpaka damu ikapungua. Aliponyanyua kichwa, watu walikuwa wameshampata wa kumlaumu.

Aliyekuwa akimpa Mrefu mabati ni Shemeji. Huyu alikuwa shemeji wa kweli kwa Dada Fundi, mdogo wa mume wake, mcheshi, mvivu kidogo. Jina lilianzia kwake likaenea kiwanda kizima, hata meneja alimwita hivyo. Chini ya presi kulikuwa na pedali ya zamani, na Shemeji alikuwa amesimama karibu nayo. Mtu mmoja alisema kakanyaga pedali. Wa pili akasema alimwona kwa macho yake. Wa tatu akampiga ngumi ya sikio, na baada ya hapo hapakuhitajika shahidi mwingine. Walimwangusha kwenye sakafu yenye mafuta, wakampiga mateke ya mbavu, wakamchapa kwa mikato ya bati, na kila mkato uliogusa ngozi uliifungua.

Dada Fundi hakuwasihi. Alichukua spana kubwa ya kufungulia kalibu, akapiga bega la kwanza alilolifikia, na mwenye bega akakaa chini kama mtoto. Akapiga paja la wa pili. Wengine wakarudi nyuma, wakaacha duara, na katikati ya duara Shemeji amejikunja, anatema damu.

"Pedali hiyo haina waya," alisema huku akihema. "Niliukata mimi mwenyewe, zamani. Ikanyage wewe uone."

"Unamtetea shemeji yako," mmoja akamjibu, na wote wakaitika kwa vichwa, kana kwamba undugu unaweza kuunganisha waya uliokatwa.

Meneja alishuka kutoka ofisini juu. Alitazama saa ya ukutani kabla hajaitazama damu. Alisema hilo ni kosa la mtu, si la mashine, kwamba Shemeji hana kazi kuanzia dakika hiyo, na kwamba Mkwe aoshwe. Wakamwosha kwa mpira wa maji. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amewashwa, anatoa sufuria.

Jioni ile ile Bondia akaja nyumbani kwa Dada Fundi. Bondia alikuwa kaka mkubwa wa Mrefu, mpakiaji wa mizigo bohari, mtu aliyewahi kulipwa kupigana ulingoni na ambaye hakuwahi kuuzoea ukimya uliofuata. Hakubisha hodi. Aliung'oa mlango, akapindua meza, akainyanyua cherehani ya mume wa Dada Fundi na kuibamiza ukutani mpaka gurudumu likakatika. Mume mwenyewe, fundi cherehani asiyejua hata kukunja ngumi, alijaribu kusimama mbele yake, akapigwa kofi moja lililoondoka na jino.

Shemeji alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha ndani, mbavu zimefungwa shuka. Bondia alimwinamia, akamshika mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki.

"Siku mdogo wangu anatoka hospitali," alisema taratibu, "mkono huu unakwenda. Huu huu wa kulia, na mashine ile ile."

"Ni mashine iliyofanya," Dada Fundi akasema.

"Basi thibitisha. Una muda wote wa yeye kulala hospitali. Akitoka, hakuna maneno tena, shemeji yangu."

Alimwita shemeji kwa kejeli, akacheka mwenyewe, akaondoka akiukanyaga mlango.

Kuthibitisha kulianzia kwenye kizimba. Katika kona ya karakana kulikuwa na chumba cha wavu wa chuma, na ndani yake kompyuta moja tu iliyoruhusiwa kwa mafundi. Makao makuu waliiogopa kompyuta hiyo kuliko walivyoziogopa presi. Matundu yake yote ya kuchomeka vitu yalikuwa yamejazwa gundi. Haikufungua tovuti yoyote. Huwezi kuisakinishia kitu. Ilichokubali ni barua pepe tu, na hizo nazo zilipita kwenye chujio la makao makuu, zikipekuliwa kama abiria mpakani.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo wakubwa hawakulielewa, au walilielewa wakalipuuza. Programu iliyoendesha presi ilikuwa huria. Ilikuwa imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, wasiojuana kwa sura, na msimbo wake wote, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani yake, ulikuwa wazi, mali ya yeyote mwenye macho na subira. Nakala yake ilikuwa humo humo kwenye kompyuta ya kizimba. Dada Fundi aliyesoma chuo cha ufundi alikuwa ameshaupitia mara nyingi kwa raha yake, kama wengine wanavyosoma magazeti. Sasa aliusoma kwa hasira.

Akalipata kosa. Mkwe alikuwa na saa ndani yake, saa iliyohesabu tangu alipowashwa. Kila baada ya pigo, programu iliitazama saa hiyo na kukataa amri yoyote mpaka muda wa kupumzika upite. Lakini hesabu ya saa ilikuwa na kikomo, kama debe. Presi ikikaa zaidi ya wiki tatu bila kuzimwa, debe linajaa, hesabu inapinduka na kuwa chini ya sifuri, na kuanzia hapo programu inaamini siku zote kwamba mapumziko yamekwisha. Springi ya kitufe kilichochakaa ikitetemeka kidogo tu unapokiachia, Mkwe anadhani umembonyeza tena.

Zamani hilo lisingetokea, kwa kuwa presi zilizimwa kila mwisho wa juma. Meneja ndiye aliyekataza. Mafuta yakipoa, alisema, asubuhi nzima inapotea kuyapasha. Dada Fundi alipopanda kumweleza, alisikilizwa kwa adabu, kisha akaambiwa kwamba habari za kiwanda hazitoki nje na kwamba fundi asiyependa kelele za mashine anaweza kutafuta kazi maktaba. Siku hiyo hiyo mlinzi akawekewa kiti kando ya swichi kuu, na rungu mapajani.

Kuibadilisha programu kwa mkono wake asingeweza. Presi zilikubali tu toleo lenye muhuri wa mradi wa wale waandishi waliotawanyika, lililokuja moja kwa moja kutoka nje kwa waya wa peke yake. Njia ilikuwa moja. Uandike kiraka, yaani mistari michache inayoonyesha kinachotolewa na kinachoingizwa, ukitume kwa barua pepe kwa mtunzaji wa mradi, naye akikiridhia kinaingia kwenye toleo lijalo na kuzifikia presi zote popote zilipo. Akakiandika. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha. Badala ya kulinganisha nyakati mbili, unatoa mmoja kwenye mwingine. Akabonyeza tuma.

Mtunzaji alikuwa mtu wa mbali ambaye Dada Fundi hakumjua kwa jina wala jinsia, maarufu kwa ukali. Jibu lilikuja kesho yake. Kiraka hakishiki, mistari imekatika katikati. Tuma upya kwa maandishi matupu, na soma maelekezo kabla hujapoteza muda wa watu.

Alikuwa ameyasoma. Kosa lilikuwa la chujio. Kila mstari mrefu uliopita humo liliuvunja vipande viwili, na kiraka kilichovunjwa mstari mmoja ni takataka. Akakituma kama kiambatisho. Chujio likakinyofoa. Mtunzaji akajibu kwamba haoni kitu chochote isipokuwa onyo la kampuni kuhusu siri za biashara, na kwamba onyo hilo halirekebishi presi.

Alimpigia simu bwana wa chujio makao makuu. Bwana huyo alimsikiliza kwa upole, akasema anamwelewa kabisa, akaongeza kuwa taratibu ni taratibu. Dada Fundi akamuuliza kama ana mikono miwili. Akajibu ndiyo, kwa mshangao. Dada Fundi akamwambia aitunze, akakata simu.

Wakati huo wote Bondia hakulala. Mara jiwe lilipita dirishani likaangukia mtungi. Mara mume wa Dada Fundi alirudi na shati lililochanwa na jicho limefura, akisema kaanguka, na mkewe akamuuliza kaangukia ngumi ya nani. Shemeji alijifanya hana wasiwasi. Akaanza kula kwa mkono wa kushoto, anajizoeza, akimwaga mchuzi kifuani na kusema huu mkono ulikuwa mvivu miaka yote, sasa utajua dunia. Hakuna aliyecheka. Usiku walimsikia akilia taratibu ili asiwaamshe.

Msimbo wa zamani ulikuwa umeandikwa na watu wenye pumzi ndefu. Pale ilipokuwa hesabu mbovu, mistari yote jirani ilikuwa mirefu, na kiraka hakina budi kubeba jirani zake ili kijulikane kinakaa wapi. Dada Fundi alizunguka ndani ya faili lile kama mtu anayetafuta tundu kwenye ukuta wa gereza. Hatimaye akakuta, mbali kidogo chini, mahali ambapo programu ilisoma vitufe kwa mistari mifupi, mitupu, ya haraka. Akauhamishia ukaguzi wake hapo. Akaandika mistari mifupi kama pumzi za mgonjwa, hakuna hata mmoja uliofika upana ambao chujio lilikata.

Kikapita kizima. Mtunzaji akajibu kwa sauti nyingine kidogo. Kiraka kinashika. Lakini kwa nini umekiweka mahali pa ajabu hivi? Na jambo kubwa zaidi, hakuna aliyewahi kutuletea habari ya pigo la pili. Siingizi kitu kwenye mashine zinazoua watu kwa kudhani tu. Nionyeshe limetokea.

Dada Fundi alijibu swali la kwanza kwa ukweli: hapa ndipo mlango uliponipitisha. Kwa la pili hakuwa na ushahidi, kwa kuwa ajali ya Mrefu kiwanda kizima kiliiita kosa la Shemeji. Mkwe aliwashwa upya siku ile ile ya ajali, na kwa hesabu yake debe lingejaa tena kwenye siku zile zile ambazo daktari alisema Mrefu ataruhusiwa. Labda kabla, labda baada. Kila asubuhi alimnong'oneza mwendeshaji mpya asiweke mkono ndani, na bwana yule, mwoga wa kutosha, akawa anatoa sufuria kwa kijiti.

Mrefu aliruhusiwa asubuhi yenye jua kali. Kabla hata hajafika kwake, Bondia na wapakiaji wenzake walikuwa wameshamtoa Shemeji ndani ya nyumba, wakimburuta mguu mmoja na kola. Njiani alijaribu kushika nguzo ya taa, wakamkanyaga vidole mpaka akaachia. Langoni walinzi waliwafungulia. Ugomvi wa familia, mkuu wa walinzi alisema baadaye, sisi hatuingilii ya familia.

Dada Fundi alisikia jina lake likiitwa kwa sauti iliyopasuka. Alipotoka kizimbani akamwona Shemeji kifudifudi mbele ya Mkwe, mdomo umechanika, watu wawili wamemkalia mgongo, na mkono wake wa kulia umenyooshwa juu ya kalibu baridi, umefungwa kamba kwenye kifundo na mtu anaivuta kutoka upande wa pili. Mwendeshaji mpya alikuwa amekimbia. Mikono ya Bondia ilikuwa juu ya vitufe. Zamu nzima imesimama, inatazama.

"Shemeji," Shemeji akamwambia, "nimejaribu kuwachekesha. Hawa watu hawacheki."

Dada Fundi akatembea na spana kubwa mpaka kwenye presi, akaweka mkono wake mwenyewe juu ya kalibu, kando ya ule wa Shemeji.

"Bonyeza basi," akamwambia Bondia. "Au kama wewe ni mwanamume wa kusubiri dakika chache, weka ubao kwanza. Piga, inua mikono juu, watu wote waione. Piga tena. Mkwe asiposhuka mwenyewe hata mara moja, chukua miwili, wangu na wake."

Bondia akaondoa mikono kwenye vitufe. Alikuwa mtu wa ulingoni, dau alilielewa. Akaamuru Shemeji avutwe nyuma, bado amefungwa, na ubao mnene wa kupakilia mizigo ukawekwa kwenye kalibu.

Akabonyeza. Kishindo. Akainua mikono. Chuma kikapanda, kikatulia. Akabonyeza tena, akainua. Hakuna. Mara ya tatu hakuna. Ubao ulianza kupasuka, vibanzi vikaruka. Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja akacheka. Dada Fundi akajiuliza kama amekosea siku, kama debe litajaa kesho, wakati yeye na Shemeji watakuwa wanafundishana kula kwa kushoto.

Mara ya sita, au ya saba, Bondia alichoka. Alibonyeza, akaachia, akasema mchezo umekwisha, akapeleka mkono ndani kuondoa ubao uliovunjika ili mwenye haki yake awekwe. Aliupeleka vile vile Mrefu alivyoupeleka.

Hapakuwa na nafasi ya kusema. Spana ilikuwa mkononi mwa Dada Fundi, akaizungusha kwa mikono miwili na kumpiga Bondia chini ya kiwiko. Mfupa ulilia kama tawi kavu. Bondia akaruka nyuma akinguruma, na pumzi ile ile, kitufe hakijaguswa na mtu, Mkwe akashuka. Ubao ukageuka unga.

Chuma kikapanda taratibu, kikingoja.

Bondia alikaa sakafuni. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Alivitazama vidole vyake, akavichezesha kimoja kimoja, uso ukiwa umepauka kwa maumivu.

"Umenivunja," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini upo."

"Upo."

Akageuza kichwa kwa wenzake. "Mfungueni huyo," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba walimwomba arudie.

Hapo meneja akashuka na walinzi. Alikuwa ameona yote kutoka dirishani, pamoja na pigo lisilo na mwenyewe. Angeweza kusema neno moja la kibinadamu. Alisema kila mtu arudi kazini, Mkwe aendelee, na wavamizi watolewe. Sufuria ikaruka kutoka nyuma ya watu ikampata kwenye paji la uso. Walinzi wakainua marungu.

Walipiga bila kuchagua. Wafanyakazi waliokuwa wamemchapa Shemeji kwa bati wiki chache nyuma sasa walichapana na walinzi kwa bati zile zile. Mlundo wa sufuria uliporomoka na watu wakapigana juu yake wakiteleza, kelele ya alumini ikifunika vilio. Mtu aliuma sikio la mtu. Mlinzi wa kwenye swichi alipigwa na kiti chake mwenyewe, na swichi ikakatwa. Mashine zikazima, ila taa na kompyuta za waya wa pembeni zikabaki. Bondia, mkono unaning'inia, alikuwa akipigana kwa ule mwingine, na safari hii alisimama mbele ya Shemeji.

Dada Fundi aliona mkuu wa walinzi akielekea kizimbani. Akamtangulia. Akafunga mlango wa wavu, akasukuma kabati nyuma yake, akakaa kwenye kompyuta na kuandika.

Pigo la pili limetokea leo.
Vitufe havikuguswa.
Zamu nzima imeona.
Kitufe cha kulia kimechakaa.
Presi imewaka wiki tatu na ushei.
Mtu ameshapoteza mkono.
Mwingine angepoteza.
Tafadhali ingiza kiraka.

Rungu lilipiga wavu. Mkuu wa walinzi alimwambia afungue, kwamba amri ni kuchukua kompyuta, kwamba yeye binafsi hana ugomvi naye. Dada Fundi akatuma. Bawaba ya juu ikang'oka. Alikaa akikodolea kioo macho, mikono juu ya vibonye, kama mtu anayengoja maji yachemke huku nyumba inaungua. Kabati likaanza kusogea. Barua moja ikaingia.

Mtunzaji alikuwa ameandika kwamba kimeingia, toleo lenye muhuri linatoka sasa hivi bila kungoja zamu yake, na kwamba kosa lile lile amelikuta kwenye sehemu ya breki. Utaliandikia kiraka wewe, au niandike mimi? Chini yake palikuwa na neno moja peke yake: samahani.

Mlango ukaanguka. Alikuwa ameshaanza kuandika neno Mimi aliposikia upepo wa rungu. Lilitua juu ya mikono yake, pale pale kwenye vibonye, mara mbili.

Vidole vyake viligandishwa kwa plasta, vya mkono wa kulia vyote na viwili vya kushoto. Kazi alifukuzwa kwa barua yenye lugha safi sana. Toleo jipya lilishuka kwa waya wake kwenye presi za kiwanda kile na za viwanda vingine ambavyo hatavijua kamwe, na hakuna mwendeshaji hata mmoja huko aliyejua kwamba jana yake alikuwa akicheza na kifo. Mrefu hakurudishiwa mkono. Hilo halina kiraka, na Dada Fundi hakumruhusu mtu kulizungumzia kwa maneno matamu.

Mume wake aliazima kompyuta ya jirani kwa ajili ya kiraka cha breki, akaiweka mezani. Shemeji akaketi mbele yake, makovu ya bati yakimkaza shavu, akakunja mikono ya shati kama mtu anayeingia vitani. Hakuwa amewahi kuandika chochote zaidi ya ujumbe wa simu. Alitumia kidole kimoja cha mkono wa kulia, akidonoa vibonye kwa mashaka, na kila alipopata herufi alijipongeza.

"Mabano," Dada Fundi alimsomea. "Sio hayo. Ya mviringo."

"Shemeji, hii kazi inaumiza kidole."

"Kinauma?"

"Sana."

"Vizuri," alisema, akasogeza kiti karibu. "Endelea. Toa muda wa mwanzo kwenye muda wa sasa."

Akaendelea.